Sumaku na Safari ya Ujumbe wa Mguu

Ujumbe unaomfanya mtu ainue wayo huanzia kwenye gamba la ubongo, chini ya utosi. Hupita shina la ubongo, huteremka ndani ya uti wa mgongo, hutokea kiunoni, kisha hufuata paja na goti hadi kwenye msuli wa mbele ya muundi. Mwendo huo unazidi mita moja, na kwa mtu mzima mwenye afya humalizika ndani ya milisekunde 28 hivi. Kupima neva kwa sumaku ni kuutuma ujumbe huo kwa makusudi kutoka nje ya mwili, bila sindano wala kisu, na kuhesabu muda unaotumia hadi msuli ushtuke. Kwa miguu kipimo hiki kina thamani ya pekee, kwa kuwa nusu ya kwanza ya safari imefungiwa ndani ya fuvu na mifupa ya mgongo, mahali ambapo kipimo cha kawaida cha neva kwa umeme hakifiki.

Katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, kama ilivyo kwingineko mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, mtu aliyeanza kukokota miguu hufikishwa kwenye kituo cha afya na ndugu zake, mara nyingi juu ya pikipiki, na maelezo yao huwa mafupi: miguu imekataa. Nyuma ya maneno hayo yanaweza kujificha maradhi yasiyo na undugu wowote. Kifua kikuu kinaweza kuwa kimekula pingili za mgongo na kuubana uti. Virusi vya HTLV-1 vinaweza kuwa vimeudhoofisha uti huohuo polepole kwa miaka. Mtoto anaweza kuwa alichomwa sindano mahali pasipofaa kwenye tako, na dawa ikaijeruhi neva ya siatiki. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi bila vitamini B6 anaweza kupoteza hisia za nyayo. Kuna kisukari, kuna ukoma, kuna ugonjwa wa Guillain-Barré unaolegeza miguu ndani ya siku chache, kuna risasi na ajali za barabarani. Na popote muhogo mchungu unapoliwa bila kulowekwa vya kutosha, kuna konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla. Tiba ya ugonjwa mmoja haiufai mwingine, na swali la kwanza ni lilelile kwa yote: ujumbe umekwama wapi?

Njia ya ujumbe ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni neva za juu, ambazo seli zake zimo kwenye gamba la ubongo na nyuzi zake ndefu huvuka upande wa pili kwenye shina la ubongo kabla ya kushuka ndani ya uti. Kipande cha pili ni neva za chini, zinazoanzia kwenye seli za sehemu ya mwisho ya uti. Jambo ambalo hata wahudumu wenye uzoefu hulisahau ni kwamba uti wa mgongo wa mtu mzima hauendi hadi mwisho wa mgongo. Hukoma karibu na pingili ya kwanza ya kiuno. Kutoka hapo mizizi ya neva za miguu huning'inia ndani ya mfereji wa mifupa kama mkia wa farasi, na ndilo jina lake katika vitabu vya anatomia, kabla ya kila mzizi kutoka kwenye tundu lake kati ya pingili na pingili. Mizizi hiyo ikishaungana ndipo neva ya siatiki inapopatikana, na kwa mbele ya paja, neva ya femorali.

Nyundo ndogo ya daktari huanza kulijibu swali kabla ya mashine yoyote. Neva za juu zikiharibika, mguu hukakamaa, goti huruka kwa nguvu likigongwa, na kidole gumba cha mguu huinuka wayo ukikwaruzwa kutoka kisigino kwenda mbele. Neva za chini zikiharibika, mguu hulegea, goti hukaa kimya likigongwa, na msuli hunywea. Mhudumu aliyesoma vizuri akiwa na nyundo na dakika kumi anaweza kutenganisha makundi haya mawili makubwa, na hakuna kifaa kinachofuta ulazima wa kazi hiyo. Lakini nyundo haitoi namba. Haioneshi kama uharibifu ni mdogo kiasi cha kutoonekana bado, wala haiwezi kuulinganisha mguu wa mwezi huu na ule wa mwezi ujao kwa usahihi.

Kipimo cha kawaida cha neva kwa umeme hutoa namba, ila kwa sehemu ya chini tu. Elektrodi mbili hubandikwa juu ya msuli, neva hushtuliwa kwa umeme kwenye kifundo cha mguu, kisha nyuma ya goti, na umbali hugawanywa kwa tofauti ya muda. Neva ya mguu yenye afya hupitisha ujumbe kwa kasi ya zaidi ya mita 40 kwa sekunde. Juu ya goti mambo huwa magumu: neva ya siatiki imezama ndani ya nyama ya paja na tako, mizizi imezungukwa na mfupa, na umeme wa kutosha kuifikia unaumiza. Kwenye kichwa fuvu huuzuia umeme, hivyo nguvu kubwa huhitajika. P. A. Merton na H. B. Morton walionesha mwaka 1980 kwamba inawezekana kuushtua ubongo wa mtu aliye macho kwa umeme kupitia ngozi ya kichwa, na misuli ikaitika. Lakini njia hiyo inaumiza.

Sumaku ilitatua tatizo la maumivu kwa kutumia kanuni ambayo Michael Faraday aliieleza mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzaa umeme ndani ya kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu nao. Mwili wa binadamu, wenye maji na chumvi, ni kitu cha namna hiyo. Mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walitumia kanuni hiyo kwanza kwenye neva za mkono, na mwaka 1985 Barker, Reza Jalinous na Ian Freeston wakatangaza kwamba koili iliyowekwa juu ya kichwa cha mtu inaweza kuifanya misuli yake itikisike bila maumivu.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukieleza. Kapasita kubwa huchajiwa hadi volti elfu kadhaa, kisha huachiwa kwa mkupuo mmoja ndani ya koili ya waya wa shaba iliyofunikwa kwa plastiki. Kwa muda wa sehemu ya kumi ya milisekunde hivi, mkondo wa maelfu ya ampea huzunguka ndani ya koili na kuzaa uga wa sumaku wa tesla 1 hadi 2.5, nguvu inayokaribiana na ile ya mashine ya MRI, ila inadumu kwa kufumba na kufumbua. Uga huo hupenya nguo, ngozi na mfupa bila kuzuiwa. Ndani ya mwili huzaa mkondo mdogo wa umeme unaozunguka kinyume na ule wa koili, na mkondo huo ndio unaoisisimua neva. Kwa hiyo mwishowe neva huamshwa na umeme, na kazi ya sumaku ni kuuvusha umeme huo ukuta wa ngozi na mfupa. Maumivu hupungua kwa sababu mkondo haupiti kwa wingi kwenye ngozi, ambako vipokezi vya maumivu vimejaa. Anayepimwa husikia mlio mkali kama wa kiberiti kikubwa, huhisi kitu kikimgonga kidogo kichwani, na mguu wake huruka wenyewe.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nguvu ya uga hupungua haraka kadiri umbali kutoka kwenye koili unavyoongezeka. Hapo ndipo miguu inapoleta shida kuliko mikono. Eneo la ubongo linaloongoza mkono liko pembeni, karibu na fuvu. Eneo la mguu limejificha kwenye mfereji ulio kati ya nusu mbili za ubongo, sentimita kadhaa ndani. Koili ya mduara ya kawaida ikiwekwa utosini huweza kulifikia kwa watu wengi, lakini kwa nguvu inayokaribia upeo wa mashine. Kwa hiyo maabara nyingi hutumia koili pacha iliyokunjwa katikati, mbawa zake mbili zikikumbatia kichwa, ambayo hupeleka nguvu ndani zaidi. Mgonjwa huombwa pia aunyanyue wayo kidogo wakati wa kupigwa. Msuli ulioamshwa tayari huitika kwa urahisi zaidi, kwa ukubwa zaidi, na mapema kwa milisekunde 2 au 3 kuliko msuli uliolala. Kwa hiyo matokeo yasiyosema kama msuli ulikuwa umepumzika au umekazwa hayana maana kubwa kwa anayeyasoma.

Baada ya kichwa, koili huhamishiwa mgongoni, juu ya kiuno. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Uti wa mgongo hauitikii sumaku kirahisi, kwa kuwa umezungukwa na mfupa usiopitisha umeme vizuri. Mkondo unaozaliwa hukusanyika kwenye matundu madogo ya pembeni ambamo mizizi hutokea, na mizizi husisimuliwa pale pale inapopita tunduni. Kwa sababu hiyo, koili ikisogezwa juu au chini kwa sentimita kadhaa, muda wa kuitika haubadiliki, ingawa ukubwa wa itikio hubadilika. Ni sifa nzuri kwa mpimaji asiye na uhakika wa kuhesabu pingili kupitia ngozi.

Hesabu inayofuata ni ya kutoa. Ikiwa msuli wa mbele ya muundi uliitika milisekunde 28 baada ya kichwa kupigwa, na milisekunde 13 baada ya kiuno kupigwa, basi ujumbe ulitumia milisekunde 15 kutoka kwenye ubongo hadi kwenye tundu la mzizi. Muda huo ndio unaoitwa muda wa kati wa mwendo, na kwa watu wazima wenye afya huwa katika eneo hilo la milisekunde 13 hadi 17. Kwa mkono ni kama nusu yake. Urefu wa mtu huathiri hesabu ya mguu, hivyo mtu mrefu hasemwi kuwa mgonjwa kwa kuwa tu neva zake zina safari ndefu.

Hata hivyo, muda huo si wa ubongo na uti peke yake. Kwa kuwa mzizi unasisimuliwa kwenye tundu, kipande chote cha mzizi kinachoning'inia ndani ya mfereji, ambacho kwa mizizi ya chini kinaweza kuzidi sentimita 10, huhesabiwa ndani ya muda wa kati ingawa ni sehemu ya neva za chini. Mgonjwa ambaye mfereji wa kiuno chake umebanwa anaweza kuonekana kana kwamba ana ugonjwa wa uti. Kuna njia mbili za kuondoa utata huo. Ya kwanza ni wimbi F: neva ikishtuliwa kwa umeme kwenye kifundo, ujumbe mwingine hupanda kinyumenyume hadi kwenye seli za uti na kurudi msulini. Muda wa wimbi hilo hujumlishwa na muda wa itikio la moja kwa moja, hutolewa milisekunde 1 inayopotea kwenye seli, kisha jibu hugawanywa kwa mbili. Kwa msuli mdogo wa upande wa ndani wa wayo, wimbi F la milisekunde 50 na itikio la milisekunde 4 hutoa 26.5, ambao ni muda wa neva yote ya chini kuanzia kwenye uti wenyewe. Njia ya pili ni ya watafiti wa Japani, ambao waliunda koili kubwa maalumu kwa ajili ya mgongo, yenye nguvu ya kutosha kuisisimua mizizi pale inapoanzia, karibu na pingili ya kwanza ya kiuno. Tofauti kati ya itikio la hapo na la tunduni ni muda wa mkia wa farasi peke yake.

Koili inaweza pia kuwekwa chini zaidi: nyuma ya tako juu ya neva ya siatiki, au kwenye kinena juu ya neva ya femorali, ambako hutumika hata kupima nguvu halisi ya misuli ya paja kwa wagonjwa wasioweza kuikaza wenyewe. Kwenye goti na kifundo, umeme wa kawaida bado ni bora. Sumaku husisimua eneo pana, na si rahisi kujua hasa ni sentimita ipi ya neva iliyoanza kuitika, wala kuhakikisha kwamba nyuzi zote zimeamka. Anayetaka kujua kasi ya neva chini ya goti hana sababu ya kuiacha elektrodi.

Kusoma matokeo kunahitaji kutenganisha kuchelewa na kupungua. Utando wa mafuta unaoufunika uzi wa neva ukiharibika, ujumbe huchelewa. Nyuzi zenyewe zikifa, zilizobaki huendelea kupitisha ujumbe kwa kasi ile ile au karibu nayo, ila itikio la msuli huwa dogo. Uti uliobanwa na jipu la kifua kikuu kwenye sehemu ya kifua ya mgongo hutoa picha inayoeleweka vizuri: miguu imechelewa au imenyamaza, mikono iko sawa, na sehemu kutoka kiunoni kwenda chini haina kasoro. Guillain-Barré hutoa kinyume chake, na wimbi F kupotea au kuchelewa ni miongoni mwa dalili zake za mapema. Baridi pia hudanganya: joto la mguu likishuka kwa digrii moja, kasi ya neva hupungua kwa takribani mita 2 kwa sekunde. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgonjwa aliyesafiri asubuhi kwenye mvua huja na miguu ya baridi. Miguu hupashwa moto kwanza.

Konzo ndio ugonjwa wa Kongo ambao kipimo hiki kilisaidia zaidi kuufahamu. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango. Mlipuko mkubwa ulitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na mwingine wilayani Tarime, Tanzania, mwaka 1985 wakati wa ukame. Baadaye uliripotiwa Kivu Kusini, katika vijiji vilivyovurugwa na vita. Kinachounganisha sehemu hizo ni njaa, muhogo mchungu na haraka. Muhogo unaopaswa kulowekwa siku tatu hutolewa baada ya siku moja, sumu ya sianidi hubaki kwenye unga, na chakula kingine chenye protini ya kulisaidia ini kuivunja sumu hakipo. Wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuacha kunyonya ndio huumia zaidi. Mtu hulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haizidi wala haiondoki. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 vinahitaji mambo matatu: mwendo wa kukakamaa unaoonekana pande zote mbili, ugonjwa ulioanza ndani ya muda usiofika wiki moja kwa mtu aliyekuwa na afya, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi bila dalili ya ugonjwa wa mgongo.

Kwa muda mrefu haikujulikana ni wapi hasa sumu inapopiga. Thorkild Tylleskär na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi wa wagonjwa wawili kutoka Zaire, Kongo ya leo, waliopimwa Sweden. Picha za MRI za ubongo na uti zilikuwa za kawaida. Lakini koili ilipowekwa kichwani, misuli haikuitika kabisa. Picha ilisema hakuna kitu, sumaku ikasema njia ya juu haipitishi ujumbe. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa hoja za kuitambua konzo kama ugonjwa unaojitegemea, unaochagua neva za juu.

Kimya hicho kilileta swali lingine. Msuli ukikosa kuitika, je, uzi umekatika, au seli za gamba zimekuwa nzito kuamshwa? Sumaku hutegemea zaidi seli za gamba ziwe tayari kupokezana ujumbe, ilhali umeme wa nguvu kubwa unaweza kuzisisimua nyuzi zenyewe moja kwa moja. Ndiyo maana Désiré Tshala-Katumbay, daktari wa neva kutoka Kongo, na wenzake walitumia njia zote mbili kwa wagonjwa wa konzo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Somo lake linahusu kila mgonjwa aliyepooza: mtu asiyeweza kuukaza msuli hawezi kuisaidia sumaku, na itikio lililokosekana kwake halitoshi kuandika kwamba njia imekatika.

Kabla ya koili kukaribia mwili, maswali kadhaa hayana budi kuulizwa. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, au chuma ndani ya kichwa hapimwi. Mwenye kifafa hupimwa kwa tahadhari kubwa au hapimwi kabisa. Ituri, ambako wengi wamebeba vipande vya risasi mwilini kwa miaka bila kuvifikiria, swali la chuma halipaswi kuulizwa kwa haraka, na pale penye shaka picha ya eksirei hutangulia. Masikio huzibwa, ya mgonjwa na ya mpimaji.

Mashine hii ni ghali, inahitaji umeme usioyumba, na kazi yake ni ya hospitali kubwa za rufaa na vyuo vikuu. Mgonjwa wa Ngezi anayetumwa huko hurudi nyumbani na karatasi, na mhudumu wa mtaani ndiye atakayeitumia miezi na miaka inayofuata. Karatasi hiyo inapaswa kutaja urefu wa mgonjwa, joto la mguu, aina ya koili na mahali ilipowekwa, msuli uliorekodiwa, kama ulikuwa umekazwa, na namba za kulia na kushoto kila moja peke yake. Mtu anayetibiwa kifua kikuu cha mgongo akipimwa tena baada ya matibabu, namba hizo ndizo zitakazoonesha kama uti unapitisha ujumbe vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwa mwenye konzo hakuna dawa ya kuirudisha njia iliyopotea, na karatasi inamwelekeza kwenye mazoezi ya viungo, fimbo au kiti cha magurudumu, huku familia yake ikifundishwa kuuchanganya unga wa muhogo na maji, kuutandaza kwa tabaka jembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi itoke kabla ya kusongwa.